Euro 13 kwa vipande viwili vya pai ya nyanya

Jumamosi nimelipa euro 13 na senti 40 kwa vipande viwili vya pai ya nyanya hapa Marseille, Ufaransa, na mpaka leo roho inaniuma. Hakuna nyama ndani. Unga, siagi, nyanya, basi! Tena ni Agosti, msimu wenyewe. Pale sokoni Noailles jioni wauzaji wanakuita dada mara tatu ili uondoke na kreti. Binti yangu alikuwa na njaa, ametoka kung'olewa jino, nikashindwa kumwambia tusubiri nyumbani. Ninyi mnaonunua nyanya kwa fungu mnanielewa. Kwa hela hiyo mama anajaza kapu, analipa na bodaboda ya kurudi.

Nikamweleza bibi wa ghorofa ya pili tulipokutana kwenye ngazi. Ni mjane, kashapita miaka themanini. Asubuhi yake akagonga. Miaka sita naishi jengo hili na kila aliyegonga mlango wangu alikuja kulalamikia kelele za mtoto. Yeye alishika mfuko wa nyanya na mamumunye machanga kutoka bustani ya mwanawe, na kichupa cha haradali. Nilisimama pale mlangoni nikakosa la kusema.

Akaingia jikoni. Unga gramu 250, siagi ya baridi gramu 125, chumvi kidogo. Siagi unaifikicha kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka ichambuke kama mchanga, ndipo unatia maji ya baridi kijiko kimoja kimoja. Donge likishikana, acha. Mikono yangu ya chapati ilitaka kuendelea kukanda, akanishika kiganja: ukikanda sana unga unavutika, na pai inatakiwa ivunjike mdomoni. Ukapumzika nusu saa kwenye friji. Nilipousukuma, duara likatoka safi, akamwita jirani yake aje kuangalia. Hapo nilijisikia vizuri jamani.

Kinachoharibu pai hii ni maji. Slesi za nyanya nyunyizia chumvi, zilaze kwenye kitambaa robo saa, utaona kilivyolowa. Mamumunye kaanga mpaka yapate rangi. Unga mbichi upake haradali kote, usiogope, ukali wake unaishia kwenye oveni. Halafu jibini iliyokwaruzwa, mamumunye, nyanya juu, mafuta ya zeituni kidogo. Nyuzi 200, kama dakika 40, mpaka kingo ziwe kahawia.

Vipande vinane. Unga, siagi na jibini havikufika euro 4.

Wewe unayejaza fomu za viza, mshahara uliotajiwa usiuzidishe kwa shilingi. Toa kwanza pango, umeme, nauli, na hela ya nyumbani ambayo hakuna atakayekuuliza kama unayo. Kinachobaki hakiruhusu kula nje. Jifunze kupika kabla hujapanda ndege, hasa ninyi vijana wa kiume mnaopikiwa na dada zenu. Na ukifika hapa Ufaransa, anza kusalimia, hata kwa muuza mkate. Ukiingia kimya wanakuhesabu huna adabu. Mimi yule bibi nilimsalimia miaka sita kabla hajapanda kwangu.

Kesho narudisha kichupa chake. Hakiwezi kwenda peke yake. Nimeshaumua unga wa mandazi ya iliki.