Hela ya Hewa

Masika hii kazi nyingi iliyoingia kwangu ni ya kufungua fremu za zamani. Picha mpya ni chache. Watu wanaona doa limeanza pembeni, au unga mweupe umetanda usoni mwa marehemu babu, au kioo kimeingia ukungu kwa ndani ambao hautoki hata ukisugua vipi kwa nje, ndipo wanapokumbuka kuwa Vikokotoni, hapa mjini Zanzibar, kuna fundi wa fremu. Wanakuja nazo zimeviringwa kwenye kanga, wamezikumbatia kifuani ili mvua isizifikie, kumbe maji yenyewe yako ndani siku nyingi.

Jana alikuja bi mkubwa mmoja kutoka Jang'ombe na picha ya harusi yake. Nyeusi na nyeupe, yeye amekaa kitini, marehemu mumewe amesimama nyuma na koti lake na kofia ya viua. Pembe ya chini imeshika kioo kidogo, lakini nyuso zote mbili salama. Nikamweleza nitakavyofanya: nitaifungua taratibu, nitabadilisha kioo na ubao wa nyuma, kisha nitazungushia kadi nene ili picha isiguse tena kioo. Nikamtajia bei, na kwa kuwa aliuliza, nikamchambulia na bei ya kadi peke yake.

"Hiyo kadi ya urembo?"

"Si ya urembo, bi mkubwa. Ya kuacha nafasi, hewa ikae baina ya picha na kioo."

Akanitazama juu mpaka chini. "Yaani mwanangu, mie nikulipe hela ya hewa?"

Tulicheka sote, hata kijana wangu wa kazi aliyekuwa ameshika almasi ya kukatia kioo ikabidi aiweke chini. Nikampunguzia shilingi 2,000, akaridhika. Lakini usiku swali lake likanikaa kichwani, kwa sababu nikilifikiria, sina bidhaa nyengine. Mbao mtu atazipata Darajani. Kioo kipo, hadibodi ipo, misumari ipo, na fremu zilizokwisha kutengenezwa kutoka China ziko mpaka kwenye maduka ya vyombo, bei yake ni nusu ya yangu. Kinachobaki kuwa changu ni ile nafasi ambayo mteja haioni na hataki kuilipia.

Picha za zamani za studio zina utando juu ya karatasi, na utando huo ni jelatini, kitu kinachotokana na mifupa na ngozi za wanyama. Jelatini hupenda maji. Hewa yetu ya visiwani ina unyevu mwaka mzima, na kuanzia Machi hadi Mei ndiyo usiseme. Kioo kikipoa usiku, umande unajitokeza kwa ndani, utando unavimba na kulainika, na kama picha imebanwa kwenye kioo basi vinashikana. Ukija mchana wa jua, unakauka ukiwa umeganda. Mwaka mmoja huoni kitu. Baada ya miaka kumi unaona kama doa la mafuta, na hilo doa ndipo picha na kioo vimekuwa kitu kimoja.

Picha ikishafika hapo, tafadhali usiivute. Watu wananiletea picha wameshaipitishia kisu, wengine wamejaribu mvuke wa birika, uso umebaki kwenye kioo na karatasi imebaki nyeupe mkononi. Kabla ya kugusa kitu, ipige picha hapo hapo ilipo, kioo kikiwa juu yake, mahali penye mwanga wa kivuli usiorudisha mng'aro. Ukishakuwa na nakala, hata ikiharibika wakati wa kufungua, sura ipo. Mara nyengine ushauri wangu ni kuiacha na kioo chake, nikate kioo kuifuata picha, nikitie ndani ya fremu kubwa zaidi. Mteja haoni ufundi wowote hapo na hulalamika bei. Simlaumu.

Ninachokipenda katika kazi hii kiko nyuma. Mbele ya fremu kila mtu anajua kuna nini, ndiyo maana akaitundika. Nyuma ndiko ninakokuta muhuri wa studio, tarehe, na wino wa mtu anayemwandikia dada yake Mombasa. Mji huu ulipigwa picha mapema. A. C. Gomes, Mgoa, alikuwa na studio hapa tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio mwaka 1930, ile ya Barabara ya Kenyatta ambayo wageni wengi huingia kutazama picha za masultani na mitaa ya zamani. Nikikuta muhuri wa studio yoyote ya zamani siufuniki kwa karatasi ya kaki kama nilivyofundishwa. Nakata kidirisha kidogo kwenye karatasi, uonekane. Kijana wangu anasema nani atageuza fremu kutazama mgongo wake? Kweli, pengine ni mie tu na fundi atakayekuja kuifungua baada yangu.

Huko nyuma ndiko pia nionapo uvivu wa mafundi. Kuna waliotumia boksi la sabuni badala ya ubao. Boksi lina mistari kwa ndani, ile karatasi iliyokunjwakunjwa, na tindikali yake inahamia kwenye picha polepole mpaka unaona bibi harusi amechorwa mistari ya hudhurungi kuanzia kichwani hadi miguuni. Kuna waliobandika picha moja kwa moja kwa selotepu, na gundi ya selotepu ikizeeka inageuka njano na kuingia ndani ya karatasi, haitoki tena. Hadibodi nayo si salama sana, lakini ukitia karatasi safi katikati inavumilika. Napenda kuiweka upande laini ukitazama picha na upande wa kukwaruza ukitazama ukuta.

Niseme na habari ya viongozi, maana hao ndio wanaonilipia kodi ya duka. Kila ofisi, kila skuli na maduka mengi, ukutani yupo Rais wa Zanzibar na Rais wa Muungano, na mara nyingi Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, juu yao. Novemba 2020 alipoapishwa Dk. Hussein Mwinyi, fremu za upande mmoja zikashushwa. Haijatimia miezi mitano, Machi 2021, akaapishwa Mama Samia, mtoto wa Makunduchi, zikashushwa za upande wa pili. Sijapata tena kazi iliyofululiza namna ile, na mwaka huo hata watu wasio na ofisi walitaka.

Sasa fungua fremu hizo. Ipo moja niliyoletewa na ofisi ambayo siitaji, karani analalamika kuwa picha ya Dk. Shein, Rais wa Zanzibar kabla ya Dk. Mwinyi, imeganda na kioo na hajui aitoe vipi. Nikang'oa misumari. Nyuma ya Dk. Shein nikamkuta aliyemtangulia, Mheshimiwa Amani Karume. Nyuma ya Amani nikamkuta aliyemtangulia yeye, Dk. Salmin. Toka 1990 hadi 2020, miaka 30 ya nchi imelala ndani ya ubao mmoja. Kila karani aliyepewa picha mpya aliitia mbele ya ile ya zamani, pengine kwa kuona haya kuitupa, pengine kwa kukosa muda. Na kwa kuwa waliokuwa nyuma walijaza nafasi yote, wa mbele akasukumwa mpaka akabanana na kioo. Dk. Salmin, aliyekuwa nyuma kabisa, ndiye aliyetoka safi kuliko wote. Nikamuuliza karani, tufanye nini na hawa? Akatazama mlangoni, akasema, "Warudishe, fundi. Lakini waweke vizuri." Nikamwambia wote hawaingii nikiacha nafasi. Tukawatia kwenye bahasha ya kaki, akaondoka nao.

Kuhusu mbao nina maneno ambayo mafundi wenzangu hawayapendi. Mimi mwenyewe kama ni ya nyumbani kwangu nachukua mfenesi. Ukiukata ni wa njano, ukikaa unakolea kama asali, na mchwa hauna hamu nao sana. Wazee waliuchongea milango. Lakini mteja wa kawaida anayeishi chumba kisicho na dirisha la maana, namwambia achukue ile ya plastiki. Ndiyo, haina heshima ya mbao, inang'aa kwa uongo, na ukiikwaruza unaona weupe ndani. Ila haivimbi, hailiwi na wadudu, na pembe zake zikishashikana zimeshikana. Mbao ya kweli, hata ukikata nyuzi 45 kwa uangalifu wote, haikai tuli: masika ikivimba kwa upana pembe zinafunguka kwa nje, kaskazi ikikauka zinafunguka kwa ndani. Kadiri ubao ulivyo mpana ndivyo ufa unavyoonekana. Mtu akitaka fremu pana ya mbao laini isiyokauka vizuri, namtengenezea, lakini namwambia mapema asije kunigombeza Januari.

Hoteli wao wanataka mbao za ngalawa na majahazi yaliyokufa, zenye rangi ya buluu na nyekundu iliyochunika. Zinapendeza, siwezi kukataa. Lakini chumvi imeshaingia ndani yake, na chumvi huvuta unyevu, na misumari ya kutu iliyojificha humo imenimalizia misumeno. Ubao ule naufanyia fremu ya picha iliyochapwa jana na itakayochapwa tena kesho ikiharibika. Picha ya mtu siiweki humo. Na hoteli, kwa jumla, hulipa kwa kuchelewa.

Watalii hawanipi kazi kama watu wanavyodhani. Mchoro wa tingatinga wa leo aghalabu ni wa turubai, mtu ananunua pale mtaani, unatolewa kwenye kiunzi, unakunjwa kama mkeka, unaingia begini. Enzi za Edward Tingatinga mwenyewe, kabla hajafariki 1972, walikuwa wakichora juu ya hadibodi kwa rangi ya mafuta, na hadibodi haikunjiki. Wauza michoro nawatengenezea viunzi vya kuvutia turubai, kazi ya bei ndogo, ya haraka, hainiumizi kichwa.

Za Pemba ndizo zinazoniumiza. Kioo cha mm 2 kupanda boti ni bahati nasibu. Nabandika utepe wa karatasi wenye gundi msalaba kwa msalaba juu ya kioo ili kikivunjika vipande visikwaruze picha, natia fremu mbili uso kwa uso na godoro jembamba katikati, nafunga hadibodi nje. Hata hivyo mtu akiniambia inakwenda Wete, namshauri achukue plastiki ngumu badala ya kioo, inavuta vumbi na kukwaruzika, lakini itafika.

Na bado kuna ukuta. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo unanyonya maji kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua, kisha unayatoa polepole. Wazee hawakuwa na shida na hilo, kwani wao ukutani walijenga zidaka na kupanga humo sahani na vyombo vya kauri, na kauri haiogopi maji. Sisi tumeleta karatasi. Ukilaza fremu ikagusa ukuta ule wote, umeifungia unyevu nyuma kama ulivyofungiwa mbele, na msumari wa kawaida hauna uhai mrefu hapo, chokaa inamomonyoka na hewa ya bahari inaula. Nnatumia skrubu za shaba, na nyuma ya fremu, kwenye pembe za chini, nabandika vipande vya raba vya kuisogeza mbali na ukuta unene wa kidole. Raba yenyewe naikata kwenye ndara kuukuu, ipo tele pwani.

Leo asubuhi amekuja bwana mmoja wa Kiponda na Ayatul Kursiyyu iliyoandikwa kwa mkono juu ya karatasi nzito, kazi safi kabisa, anataka itundikwe ukuta wa mbele. Nimekwenda naye kwenye ukuta huo tukautazama pamoja: rangi imevimba mpaka usawa wa kiuno, na ukipapasa unarudi na unga. Nikamwomba aiweke ukuta wa ndani, ule unaotenganisha vyumba, hauna maji. Akasema mgeni akiingia anaanza kuona huu, na aya ndiyo inayolinda mlango. Sikuwa na jibu la hilo, wala sikuona kama ni kazi yangu kulitafuta.

Kwa aya situmii raba ya ndara. Nimemkatia vipande vinne vya mfenesi, vinene kuliko kawaida, juu viwili na chini viwili, na baina ya kioo na karatasi nimeacha mm 5 kwa vijiti nilivyovificha chini ya mdomo wa fremu. Kijana wangu amepanda ngazi kuitundika, mie nikabaki chini nikimwambia kushoto, kulia, kushoto kidogo, mpaka mwenye nyumba akaridhika. Tumekubaliana aniletee Juni, mvua zikisha kukatika na kusi limeanza, tuifungue tuone.