Tarbushi ya Kampuni ya Kwanza: jaribio la tano

Imekaa! Tarbushi, ile kofia ndefu ya askari wa Kiafrika wa jeshi la Mjerumani ninayojishonea nyumbani, sasa inakaa kichwani. Jumapili jioni nimetoka nayo jikoni hadi getini, nikainama kuokota ndala ya mtoto, nikarudi. Haikuanguka, haikuzunguka, haikunishukia machoni. Jirani aliyekuwa anamwagilia mchicha alinitazama kama mgambo aliyepotea njia, akaendelea na mchicha wake.

Nne za mwanzo sitaki hata kuziona. Tatu ziko juu ya kabati, ya nne mke wangu ameshaigeuza ya kuwekea vitunguu, na nakiri vitunguu vimeipendeza kuliko kichwa changu.

Tarbushi ya askari wa Mjerumani si ile nyekundu laini ya Kituruki. Ndani kuna kiunzi kilichosukwa, juu yake kimevishwa kaki, kisogoni kinaning'inia kitambaa cha kuzuia jua, na mbele amekaa tai wa chuma cheupe. Ukiiona pichani utadhani ni kopo. Nami nilidhani hivyo, nikaikata kama kopo. Kumbe inapanda huku ikipungua kidogo kidogo, na huko kupungua ndiko kulikonila wiki sita.

Vipimo vyangu: mzingo wa chini sentimita 58, wa juu 50, kimo 14. Kaki niliikata mstatili. Ukiuzungushia kiunzi, chini unakaa vizuri, juu unapwaya. Nikikunja ziada napata marinda ya sketi ya shule. Nikiibana yote nyuma, mshono unapinda na kofia nzima inaonekana imelewa. Nikalaumu kitambaa, nikanunua kingine pale soko la Kilombero. Nikalaumu sindano, nikalaumu uzi. Siku moja nilirusha mkasi chini, ukachubua saruji, nikaenda kulala saa mbili usiku.

Aliyenitoa shimoni ni mwanangu wa miaka saba, naye hajui. Alikuwa amebandua karatasi iliyozunguka kikopo cha mtindi, akailaza mezani. Ilikuwa imepinda! Kikopo kinachopanuka upande mmoja, karatasi yake ikifunguliwa inakuwa kipande cha duara kubwa sana. Nikachukua kalamu: 14 mara 58, gawanya kwa tofauti ya mizingo, ambayo ni 8. Jibu sentimita 101.5, yaani umbali kutoka kitovu cha hilo duara kubwa hadi ukingoni. Nikasukuma makochi, mtoto akashika ncha ya kamba sakafuni, mimi nikazunguka na chaki kwenye ncha ya pili, upinde wa kwanza kwa 101.5 na wa pili kwa 87.5, yaani ukitoa kimo cha 14. Nilipopima, katikati ya upinde palikuwa pamepanda sentimita 4 na ushee. Wiki sita napigana na sentimita 4.

Kaki ikavaa kiunzi bila kunyanzi hata moja. Nikapiga kelele hadi mbwa akabweka.

Halafu nikaivaa, ikaanguka. Kiunzi nilikuwa nimekisukia juu ya ndoo ndogo iliyopinduliwa, na ndoo ni duara. Kichwa cha mtu si duara. Changu kina sentimita 20 kutoka paji hadi kisogo, na kama 17 kutoka sikio hadi sikio. Kwa hiyo mbele panabana, masikioni panapwaya, na kile kitambaa cha kisogoni kinavuta kila kitu nyuma. Nikampelekea mzee mmoja anayesuka matenga ya nyanya. Nikamwamkia shikamoo, akaipokea, akaigeuza mara mbili. "Marahaba mwanangu. Sasa humu kuku anaingilia wapi?" Baada ya kucheka alinifundisha: loweka mianzi usiku kucha, pete ya chini ifunge ikiwa mbichi kwenye ubao wenye umbo la yai, usiiguse mpaka ikauke yenyewe. Siku tatu. Hiyo ndiyo iliyokaa.

Neno kuhusu gundi ya moto, ile ya bunduki: usiiamini chini ya bati la Arusha mwezi Januari. Kofia ya tatu iliachia yenyewe mchana, juu ya kabati, hakuna aliyeigusa. Uzi uliopakwa nta haujawahi kunisaliti. Na cherehani ya mkono inashinda ya umeme kwenye kona hizi, maana unaisimamisha kwenye tundu unalotaka wewe.

Nimechagua Kampuni ya Kwanza kwa sababu ya ujirani tu. Mwaka 1914 Schutztruppe, jeshi la Mjerumani la kikoloni, ilikuwa na kampuni 14 za askari katika koloni hili, kila moja kama watu 160, na ya kwanza kituo chake kilikuwa hapa Arusha. Boma lao ndilo makumbusho ya leo. (Bereti za majeshi yetu ya sasa sizigusi. Raia kukutwa na sare ya jeshi ni kesi, na mimi nina watoto.) Kitu ambacho picha hazikuniambia ni shingo. Ukiwa nayo kichwani huwezi kujikunyata. Ukilegea kidogo tu inakushtaki, kwa hiyo unatembea umenyooka, utake usitake. Sasa fikiria watu 160 wamenyooka hivyo mstari mmoja.

Hatua iliyofuata ilikuwa tai. Nilishapatana na fundi wa mtaa wa Unga Limited anikatie kwenye sufuria chakavu. Nimeahirisha, kwa sababu nimepatwa na wazo jingine na halinipi usingizi. Batalioni ya Sita ya Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza) iliundwa upya mwaka 1917, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa bado inawaka, na wengi wa askari wake walikuwa hao hao waliokuwa wa Mjerumani. Kwa hiyo kuna kichwa kilichovua tai kikavaa nembo ya baragumu lenye namba ya batalioni, tena vita ni ile ile. Kofia ya Keya ya vitani ni fupi, ya mviringo, nayo ina kitambaa cha kisogoni. Haina kiunzi cha mianzi cha kunitesa.

Nataka ziwe mbili, kichwa kimoja. Kamba ya kipimo sijafungua fundo lake, bado ni 58. Kaki iliyobaki inatosha, nimeshailoweka ipungue kabla ya kukata.