Nilivyojifunza kumwambia mtu ukweli kuhusu picha yake

Napiga picha hapa Amu, yaani Lamu, miaka kadhaa sasa, harusi, maulidi, wageni wa Shela wakinihitaji, na kitu kilichonisumbua kuliko hata kamera yenyewe ni kumwambia mwenzangu picha yake ikoje. Mtu nikimwonea haya namwambia mashallah, kali sana, basi. Nikimzoea namwagia makosa yote kwa mpigo.

Binamu yangu alinionyesha picha ya fundi wa jahazi kule Matondoni. Mzee amechutama ubavuni mwa chombo anakalafati, yaani anaziba mianya ya mbao, pamba mkono huu, nyundo mkono huu. Nikaanza: fulana imeungua, yaani mwanga umezidi imebaki weupe mtupu, bahari imelala upande, mti unamtoka mzee kichwani, umepiga saa sita mchana uso wote umemezwa na kivuli cha kofia. Yote yalikuwa kweli. Akasema "sawa kaka," akatia simu mfukoni na mwezi mzima hakunionyesha tena kitu, na mimi iliniuma manake yule kijana ana jicho.

Picha alikuwa kanitumia, nikamwonyesha mama. Mama hajui eksposha, yaani kiasi cha mwanga kwenye picha, ni nini. Akaitazama kimya muda, akasema, "Mikono hii ya kazi wallahi. Na mti huu je, watoka wapi?" Halafu akaniuliza, "Yeye alitaka tumuone mzee ama chombo?"

Hilo swali mimi sikumuuliza mwenyewe!

Nikamfuata kwao, nikamwomba radhi, nikamuuliza alitaka nini. Akanambia alitaka mikono, yaani ile nyundo inavyogonga pamba ikaingia kwenye mwanya wa mbao. Sasa hapo ndo tukaitazama upya pamoja, na mikono ilikuwa kidogo tu chini pale, fremu karibu yote ni mbao na mbingu. Bahari kulala upande wala haikuwa shida kubwa, shida ilikuwa fulana, jicho linakimbilia kwenye ule weupe kabla halijafika mikononi. Nikamweleza sababu, kwamba mbao nyeusi zikijaa kwenye fremu kamera inadhani pana giza, inaongeza mwanga kila mahali na nguo nyeupe inaungua, na weupe ukishaungua hivyo kwenye simu huurudishi kwa kuedit. Basi gusa skrini pale kwenye fulana, shusha mwanga kidogo, sogea karibu, piga goti. Na uende saa kumi na moja jioni, huku kwetu jua la saa sita liko utosini, kofia yoyote itafunika macho.

Tangu siku ile sianzi na kosa. Nikipewa picha nanyamaza kwanza, halafu nasema jicho langu limeanzia wapi na limekwama wapi, ndo namuuliza alichokitaka. Kilichofaa nakitaja kwa jina, "nzuri" peke yake haimsaidii mtu, mwambie ni ule mwanga ulioingia kwa dirisha ukamfika bibi harusi shavuni. Kosa nachagua moja, lile ambalo kesho anaweza kwenda kulirekebisha. Na mambo ya ladha nayasema ni ladha, mimi bahari iliyokolezwa rangi mpaka ikawa kama sharubati siipendi, lakini hilo si kosa la mtu. Mbele ya watu barazani sisemi kabisa, tunakaa kando.

Milango ndo ngumu zaidi. Huu mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na kila mwenye simu ana picha ya mlango wa nakshi na punda kasimama mbele. Nikiletewa nauliza tu, mlango huu una nini kuliko wa jirani? Wengine wanajibu vizuri sana, wanarudi kupiga tena.

Binamu alirudi Matondoni jioni. Picha moja ilipigwa kwa 1/60 ya sekunde, nyundo imekuwa ukungu mtupu lakini pamba unaiona nyuzi kwa nyuzi. Akataka kuifuta kwa sababu ya nyundo, nikamwambia wacha, huo ukungu ndo kule kugonga kwa nyundo alikokuwa anakutafuta. Mti bado umo, safari hii pembeni. Nikamuuliza mbona hukuutoa. Akasema, "Kaka, mti ndio ulioegemeza chombo, nikiutoa jahazi litasimama na nini?" Nikautazama tena. Kweli, umebaki.