Kuzungusha vikombe vya epoksi hadi vigande: mota ya maikrowevu inatosha

Epoksi, yaani resini iliyochanganywa na kigumishi na kupakwa kikombe kama koti gumu, haikauki kama rangi. Hugeuka kuwa ngumu kwa kemikali, na kabla ya kuganda hubaki ikitiririka kwa saa kadhaa. Ukisimamisha kikombe ulichokipaka, asubuhi utakuta juu pamebaki utando mwembamba na kitako kimeota shanga za matone magumu kama kioo. Dawa ni kukilaza na kukizungusha polepole, mizunguko kama 5 kwa dakika, bila kusimama.

Mota niliyotumia ni ile inayozungusha sahani ya maikrowevu. Mafundi wa barabara ya Luthuli hapa Nairobi hung'oa maikrowevu zilizokufa, na ni heri akutolee fundi mwenyewe, kwa sababu kapasita ya ndani hubaki na umeme wa kuua hata plagi ikiwa imechomolewa. Soma kibandiko kabla ya kulipa. Unayoitaka imeandikwa 220-240V, 50/60Hz, 4W, 5/6 RPM. Kwa stima yetu ya 50Hz hiyo ni mizunguko 5 kwa dakika. Zipo nyingine zinazofanana nayo kabisa ila zimeandikwa 21V, na hizo ukizichomeka kwenye soketi ya ukutani zinaungua. Mota ya waipa ya gari niliiacha: inataka volti 12, inakula ampea nyingi na mwendo wake ni mkali mno.

Kinachoua mashine hizi ni kufunga kikombe moja kwa moja kwenye shafti ya mota. Ndani ya maikrowevu sahani hukalia magurudumu yake. Mota haibebi uzito, huzungusha tu. Kwa hiyo uzito wote niliupa beringi. Nilichukua mbili za namba 608 (tundu milimita 8, kipenyo cha nje 22) na kuzipachika kwenye vipande viwili vya saiprasi vilivyosimamishwa sentimita 10 kutoka kimoja hadi kingine, juu ya plaiwudi ya sentimita 40 kwa 20. Ndani yake hupita chuma cha milimita 8 chenye nyuzi za nati. Kukiunganisha na shafti ya mota nilitumia sentimita 4 za mpira wa maji, klipu moja kila upande. Mpira huo unasamehe hata shafti zikipishana milimita moja; ukitumia chuma kitupu, mota inakwama.

Cha kushikia kikombe ni kipande cha bomba la PVC la inchi moja na nusu, kimezungushiwa sponji ya godoro hadi kiingie kikombeni kwa kubana. Kila mahali kwenye chuma nilifunga nati mbili zikibanana. Hili usilipuuze: mota ya aina hii ikiwashwa hujichagulia upande, leo kulia, kesho kushoto, na nati moja pekee itajifungua usiku kikombe kikiwa kibichi.

Miguu miwili ya mota ambako waya huingia iko wazi, basi ifunike kwa kiboksi cha plastiki. Bodi ya chuma ya mota uiunganishe na waya wa athi, na kwenye plagi uweke fyuzi ya 3A badala ya 13A.

Halafu pimamaji. Chuma kikiinama hata kidogo, epoksi yote huhamia upande wa chini. Kikombe chenye mkono ni kazi zaidi, kwa kuwa mkono ukifika chini mota hushindwa kuupandisha, inapiga tik na kurudi nyuma, ikibembea hivyo hadi resini ifanye mgongo upande mmoja. Nilibandika sarafu za shilingi 20 kwa selotepu ndani ya kikombe, mkabala na mkono, nikiongeza moja moja hadi kikombe kikatulia popote nilipokiachia. Fanya hivyo kabla ya kuchanganya chochote.

Kikombe cha mililita 600 kinakula mililita 15 za resini na 15 za kigumishi kwa koti moja, ikiwa kopo linasema 1:1 kwa ujazo. Usipime kwa mizani, maana resini ni nzito kuliko kigumishi. Koroga dakika 3 ukikwangua kingo. Ukingo wa mdomo wa kikombe uzungushie tepu, sentimita moja, na uitoe tepu hiyo wakati epoksi bado ni laini.

Baridi ya Julai hapa Nairobi huchelewesha kila kitu. Kazi ya saa 5 mwezi wa Februari nimeiacha ikizunguka usiku kucha, ndani ya boksi lenye balbu ya zamani ya wati 60, ile inayotoa joto, nikiiweka mbali na karatasi ya boksi. Boksi lenyewe pia linazuia vumbi.

Stima ikipotea, legeza klipu ya mpira upande wa mota na ugeuze kwa mkono, nusu mzunguko kila dakika 2 au 3, hadi epoksi iwe nzito kama asali ya baridi. Ikifika hapo haitiririki tena kwa haraka, na unaweza kupumzika kidogo kati ya mgeuzo mmoja na mwingine.