Kithai kinachopitia London

Kila neno la Kithai ninalojifunza hupitia London kabla ya kunifikia. Naliandika kwenye kamusi iliyomo simuni, kamusi inanijibu kwa Kiingereza, halafu kipande cha safari kilichobaki, cha kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, nakimalizia mwenyewe kichwani. Kamusi ya Kithai kwa Kiswahili sijapata kukutana nayo, dukani wala mtandaoni, kwa hiyo natumia iliyopo na ninaishukuru. Ila siku hizi nimeanza kukitilia shaka hicho kituo cha katikati. Mizigo mingine inayoshushwa pale haikuwa na haja ya kushushwa kabisa.

Nieleze kidogo nilipo. Nilisoma jemolojia, elimu ya vito, Arusha, na sasa nafanya kazi Bangkok kwenye ofisi ndogo ya mawe ya vito karibu na barabara ya Silom, upande wa Mahesak, ambako ukichungulia dirisha lolote humkosi mtu aliyeinamia lupu, kile kilenzi cha kukuzia mawe. Kwetu ni Tunduru. Wazee wa kule hawahitaji ramani kujua habari za Wathai: katikati ya miaka ya 1990 mawe yalipofumuka, wanunuzi wa Kithai na wa Sri Lanka walijaa mjini, na mawe mengi yakaja huku kukatwa. Mimi nimechelewa tu kuyafuata.

Sasa turudi kwenye simu. Jambo lililonizindua lilikuwa saa. Mapokezi pale ofisini kuna dada aliyenizidi umri, namwita phi, kama ambavyo nyumbani ningemwita dada tu bila kutaja jina, naye ananiita nong, mdogo wake. Siku moja akaniambia kuna mteja anakuja song thum. Nikafungua kamusi. Ikaniandikia saa nane kwa hesabu ya Kiingereza, usiku. Mimi nikafanya kile anachofanya kila Mswahili akiona saa ya Kizungu: nikatoa sita. Saa mbili usiku. Kisha nikaitazama ile song nikacheka peke yangu, maana song ni mbili. Yule dada alikuwa ameniambia saa mbili usiku, kwa namba ile ile, na kamusi ikaichukua ikaipandisha mpaka nane ili mimi niishushe tena mpaka mbili.

Nikaanza kuchimba. Wathai katika mazungumzo ya kawaida hawahesabu saa kama Waingereza. Siku yao imegawanywa mafungu ya saa sita sita. Kuanzia jioni ni nueng thum, song thum, sam thum, hadi ha thum, na hizo zinaangukia saa moja, saa mbili, saa tatu, hadi saa tano usiku za kwetu, moja kwa moja, bila kutoa wala kujumlisha. Ikipita usiku wa manane hesabu inaanza upya kwa neno ti, na hapo tunaachana, kwa sababu ti nueng kwetu ni saa saba usiku. Asubuhi ndiyo kuna mambo. Kwa hesabu ya zamani saa moja asubuhi ni mong chao na saa mbili ni song mong chao, sawasawa na sisi. Vijana wengi sasa wanasema paet mong, yaani nane, wamehamia upande wa pili. Na maneno yenyewe yana asili tamu: mong ni mlio wa upatu uliopigwa mchana, thum ni mlio wa ngoma ya usiku, ti ni kupiga. Vituo vya treni na redio hutumia saa ishirini na nne, lakini hakuna anayekualika chakula kwa saa ya treni.

Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo kamusi ilinificha kwa makusudi. Imeandikwa kwa ajili ya Mthai anayetafuta Kiingereza na Mwingereza anayetafuta Kithai, na kwa hao wawili nane ni jibu sahihi. Mimi ndiye wa tatu ambaye hakualikwa.

La pili ni pesa, na hili ndilo ninaloishi nalo kila mwisho wa wiki. Soko kubwa la mawe liko Chanthaburi, mkoa ulio kusini-mashariki mwa Bangkok, na hufunguliwa Ijumaa hadi Jumapili. Kule mnunuzi ndiye anayekaa. Unakodi meza, unaweka taa yako, mizani yako, lupu yako, na wauzaji wanapita mmoja mmoja wakikunjua karatasi zao zenye mawe mbele yako. Ukipenda mzigo unataja bei. Kama aliyeleta ni dalali, karatasi inafungwa kwa utepe, bei yako inaandikwa juu, anaondoka nayo kwenda kwa mwenye mali. Kila mtu ana kikokotoo, kwa hiyo asiyejua lugha hafi njaa: anaandika, anageuza kioo, mwenzake anatikisa kichwa, anafuta, anaandika tena.

Lakini kabla kikokotoo hakijageuzwa kuna maneno yanayopita hewani kati ya wauzaji, na humo ndimo bei halisi ilimo. Nilikuwa nimekaa na bosi wangu pale mezani. Mama mmoja mtu mzima, wa kuitwa pa, shangazi, akakunjua karatasi yenye safaya, yakuti za bluu, akamgeukia mwenzake aliyesimama nyuma akasema saen ha. Baadaye kidogo akamwandikia bosi namba kubwa zaidi. Saen nilikuwa nimeisoma kwenye kamusi. Imeandikwa pale "mia moja elfu", kwa Kiingereza, maneno matatu marefu, kwa sababu Mwingereza hana neno lake moja la kiasi hicho. Sisi tunalo. Ni laki. Tumelipata kutoka Bara Hindi, limekaa kwenye vinywa vya wafanyabiashara wa pwani vizazi na vizazi, na leo kila muuza simu Kariakoo analitumia. Saen ni laki. Na saen ha, ambayo neno kwa neno ni laki-tano, haina maana ya laki tano: ha inahesabu makumi elfu yanayofuata, kwa hiyo ni laki na nusu. Baht 150,000. Nilimminya bosi mguu chini ya meza.

Tangu hapo nimeacha kukariri tarakimu za Kithai kwa njia ya Kiingereza. Neno muen, elfu kumi, halina mwenzake upande wetu, hilo nalikariri lenyewe. Saen ni laki, lan ni milioni, basi. Mtu anayetafsiri saen kuwa mamia ya maelfu kichwani, halafu aigawe kwa karati, kipimo cha uzito wa mawe, halafu aibadilishe kuwa dola, atakuwa bado anahesabu wakati mama ameshakunja karatasi yake na kuhamia meza ya pili.

Kuna upande ambao hata njia ya London ina tope: matamshi. Serikali ya Thailand ina utaratibu wake wa kuandika Kithai kwa herufi za Kirumi, ndio unaouona kwenye vibao vya barabara. Utaratibu huo hauonyeshi toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, na hauonyeshi urefu wa irabu. Kithai kina toni tano. Neno la "karibu" na neno la "mbali" yote mawili kwa utaratibu huo yanaandikwa klai, kana kwamba aliyeuliza njia hana haja ya kujua tofauti. Kwa Kithai chenyewe ni ใกล้ na ไกล, na mwenye kusoma anaziona ni mbili. Kwa hiyo nilijifunza herufi. Konsonanti ni 44, mbili kati yake hazitumiki tena, na zimegawanywa makundi matatu ambayo, pamoja na alama juu ya herufi, ndiyo yanayoamua toni. Wanaojifunza wengi wanaogopa hapo. Mimi nadhani kinachoogopesha zaidi ni kujaribu kuishi bila herufi hizo.

Na humu pia nimeona kwamba sisi tuna vya kwetu. Vitabu vya kujifunzia vinatumia kurasa nzima kumfundisha mgeni kutamka ng' mwanzoni mwa neno, mwambie kijana wa London aseme งู, nyoka, utamwonea huruma. Kwetu mtoto anaanza na ng'ombe. Kwenye orodha yangu ya simuni nimeandika ng'uu, na ng'aan kwa kazi, na ng'en kwa pesa, mambo yameisha. Kuna p mbili pia, moja kavu na moja yenye pumzi. Msomaji wa Mombasa au Unguja mwenye sikio zuri anaijua tofauti hiyo, ndiyo inayotenga paa la nyumba na paa wa porini. Sisi wa bara tumeipoteza. Ile yenye pumzi ndiyo inayoandikwa ph, ndiyo maana Phuket haina f popote. Toni, nakiri, Kiswahili hakinisaidii. Kiyao cha bibi yangu kinanisaidia, maana Kiyao kina toni, na sikio lililokulia kwenye lugha ya bibi halishangai sauti ikipanda na kushuka.

Kutafuta neno ni kazi ya peke yake. Kithai hakiachi nafasi kati ya neno na neno; nafasi huja mwisho wa sentensi au kishazi. Ukinakili mstari ukaubandika kwenye kamusi, programu inabidi ikisie pa kukata, na hukisia vibaya. Mfano unaopendwa na watu wa kompyuta huku ni ตากลม. Ukikata baada ya herufi mbili unapata ta klom, macho ya mviringo. Ukikata baada ya tatu unapata tak lom, kupunga upepo. Herufi ni zile zile. Mwenye lugha anajua kwa kusoma sentensi yote, simu haijui, na mwanafunzi yuko katikati akiwa na majibu mawili yote yenye maana.

Halafu kuna mpangilio. Irabu nyingine huandikwa kabla ya konsonanti ingawa hutamkwa baada yake, na kamusi hupanga kwa konsonanti. แม่, mama, macho yanaona แ kwanza, lakini utalipata kwenye ม. Wenzangu wa darasa la jioni wanalalamika sana hapo. Mimi nawakumbuka wageni wa Arusha waliokuwa wakifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu kutafuta "hawajatuletea" kwenye H, wakakosa, wakasema kamusi yenu haina maneno. Kila kamusi inadai uwe umeshaijua lugha kiasi fulani kabla haijakufungulia, na simu imelipunguza deni hilo kwa sababu unaandika tu inatafuta yenyewe, lakini haijalifuta.

Katika kuzunguka huku nimekutana na kisa cha So Sethaputra, aliyetunga kamusi maarufu ya Kiingereza kwa Kithai akiwa mfungwa wa kisiasa miaka ya 1930. Kila ninapoona watu wanaipa kamusi ya bure nyota moja kwa sababu ina matangazo, namfikiria yule bwana gerezani akihangaika na fasili ya neno moja.

Mazuri ya programu yangu nayo nisiyafiche. Inafanya kazi bila bando, jambo kubwa ukiwa ndani ya basi la Chanthaburi. Sauti zake zimerekodiwa na mtu, zinasikika kama mtu. Na chini ya kila nomino kuna mstari mdogo ambao wengi wanauruka, unaotaja neno la kuhesabia kitu hicho. Vitabu na visu huhesabiwa kwa lem, magari na miavuli kwa khan, majani, sahani na kofia kwa bai, wanyama pamoja na mashati na viti kwa tua. Mawe yaliyokatwa ni met, sawa na vidonge na mbegu. Nomino inatangulia, idadi inafuata, na neno la kuhesabia linafunga. Mwingereza anauliza kwa nini kisu kiwe fungu moja na kitabu. Mimi niliyekulia kwenye lugha ambayo kisu na kitabu vimo ngeli moja sina swali.

Nilichofanya sasa ni rahisi. Programu ina sehemu ya kuandika maelezo yako chini ya neno, na humo ninaweka Kiswahili, halafu ninalificha jibu la Kiingereza. Chini ya song thum kuna saa mbili usiku. Chini ya saen kuna laki. Chini ya neno "wewe", ambalo Kiingereza kinalipa jibu moja na Kithai kinalipa chungu nzima, nimeandika tu: muite kama ungemuita nyumbani. Maneno ya kitaalamu ya mawe nayaacha kwa Kiingereza, maana hata Arusha tuliyasoma hivyo na sioni faida ya kujifanya vinginevyo.

Bosi anataka mwezi ujao nikae mezani Chanthaburi peke yangu. Bei nitazisikia. Kinachonitesa bado ni vibao vya madukani, vinavyoandikwa kwa mwandiko wa kisasa usio na vile vitanzi vya herufi, hadi น inafanana na u ya Kirumi na ร inakuwa kama S. Kamera ya kamusi inashindwa navyo kabisa. Dada wa mapokezi amesema atanipigia picha za vibao vyote vya mtaa wake, nivisome kimoja kimoja kila asubuhi kabla ya chai.