Dodoso la serikali liliniuliza kampuni ni ya nani

Bahasha ilikaa juu ya friji siku tisa kabla sijaifungua. Mwenye biashara ndogo hapa Marekani hupokea barua nyingi zenye sura ya serikali. Huyu anakutaka ununue mabango ya sheria za kazi kwa bei ya kutisha, yule anadai ada ya usajili wa mwaka ambayo haipo. Mwaka tulioanza nililipa ada ya namna hiyo, na pesa hazikurudi. Tangu hapo, bahasha nisiyoitegemea huwa siigusi mpaka nipate wasaa wa kuichunguza.

Hii ilitoka Jeffersonville, Indiana. Sisi tuko Columbus, Ohio, tunahudumia wazee majumbani, na Indiana hatuna mteja wala mfanyakazi. Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja: kampuni yetu imechaguliwa kujibu Annual Business Survey, utafiti wa kila mwaka wa biashara unaoendeshwa na Ofisi ya Sensa, kujibu ni lazima kwa mujibu wa sheria, na hii hapa namba ya siri ya kuingilia mtandaoni. Mume wangu aliisoma akasimama palepale jikoni. "Serikali inataka kujua wenye kampuni ni akina nani na wametoka wapi? Mama, usijaze kitu mpaka tujue wanaitafutia nini."

Sikupiga namba ya simu iliyokuwa kwenye barua. Niliandika mwenyewe anwani ya tovuti ya Ofisi ya Sensa, census.gov, nikatafuta orodha ya tafiti zao. Jina lilikuwepo. Kumbe Jeffersonville ndiko kiliko kituo chao cha kuchakata madodoso, ingawa makao makuu yako Suitland, Maryland. Niliona pia kwamba hawaombi namba kamili ya hifadhi ya jamii, hawaombi namba ya akaunti ya benki, hawaombi pesa. Anayekuomba kimojawapo kati ya hivyo kwa jina la sensa ni tapeli. Hapo nikatulia upande mmoja.

Upande wa pili, ule wa hofu ya mume wangu, ulinichukua usiku wawili. Mimi na yeye tulizaliwa Tanzania. Nilikuwa nimeshachungulia nakala ya maswali na kuona kwamba wanauliza kama kila mmiliki alizaliwa akiwa raia wa Marekani. Aliyeishi miaka mingi akisubiri karatasi zake anajua swali la namna hiyo linavyogonga moyo hata baada ya kuapishwa kuwa raia. Kwa hiyo nilitaka nione sheria yenyewe, nisiambiwe tu "usiogope".

Sheria ya sensa inaitwa Title 13. Kifungu chake cha 9 kinazuia majibu ya mtu au kampuni kutumika kwa lolote isipokuwa takwimu. Hayaendi kwa watu wa kodi wala kwa watu wa uhamiaji, na hayawezi kuwa ushahidi dhidi yako. Mtumishi wa Ofisi ya Sensa anayeyavujisha anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini ya hadi dola 250,000. Kilichomgusa zaidi mume wangu ni kesi ya kampuni ya karatasi iitwayo St. Regis. Serikali ilitaka nakala za madodoso ya sensa ambazo kampuni hiyo ilikuwa imebaki nazo ofisini kwake, na mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema ulinzi wa sheria haufiki kwenye nakala hizo. Mwaka uliofuata, 1962, Bunge lilibadili sheria ili hata nakala inayobaki kwenye kabati lako ilindwe. Nilimsomea taratibu, nikitafsiri sentensi kwa sentensi. Aliuliza maswali mawili, kisha akasema, "Haya, jaza. Lakini tunza hiyo nakala."

Kwa nini sisi? Dodoso hili huenda kwa sampuli ya kampuni zenye wafanyakazi wanaolipwa mshahara, na sampuli inachotwa kutoka kwenye rejista inayotegemea kumbukumbu za kodi. Sisi tulikuwa na wafanyakazi saba. Rafiki yangu anayesafisha nyumba peke yake hakupata barua wala hataipata, kwa sababu takwimu za wasioajiri mtu hutolewa kwenye kumbukumbu ambazo serikali tayari inazo. Zamani kulikuwa na utafiti mwingine wa wamiliki wa biashara, kila baada ya miaka mitano, katika miaka inayoishia na 2 na 7. Wa mwisho ulikuwa wa 2012. Huu wa kila mwaka ulichukua nafasi yake kuanzia takwimu za 2017, na raundi hiyo ya kwanza ilizifikia kampuni zipatazo 850,000.

Jambo moja linawachanganya wengi, nami lilinichanganya: jina la utafiti hubeba mwaka wa kukusanya majibu, ilhali maswali ni ya mwaka uliotangulia. Barua yetu ilikuwa ya 2023, kwa hiyo mauzo, wafanyakazi na wamiliki vyote vilikuwa vya 2022. Nilikuwa nimeshaanza kuandika idadi ya wafanyakazi wa mwezi ule, ikabidi nifute.

Jumamosi jioni, wanangu walipolala, niliweka mezani karatasi za kodi za 2022, orodha ya mishahara, na mkataba wa uendeshaji wa kampuni. Nilidhani sehemu ngumu itakuwa ya mapato. La, mapato yaliisha kwa dakika kumi. Nilikwama kwenye swali la umiliki. Wanataka wamiliki hadi wanne wenye sehemu kubwa zaidi, na asilimia ya kila mmoja.

Ukiuliza ndugu na majirani, kampuni yetu ni ya mume wangu. Yeye ndiye anayesimama kwenye mikutano, na kadi za biashara zina namba yake. Mkataba uliokuwa mbele yangu, tuliousaini mwaka 2014, ulisema mimi 50 na yeye 50. Lakini nilipofungua karatasi za kodi, fomu ya K-1, ile inayoonyesha fungu la kila mshirika, haikuwa mbili. Zilikuwa tatu. Ya tatu ilikuwa ya wifi yangu.

Mwaka 2016 tulikuwa tumebakiza mishahara ya wiki mbili. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, nesi kwa kazi, alitutumia akiba yake karibu yote. Hakutaka riba, akasema tu, "Mtaniweka kwenye kampuni." Mhasibu wa wakati ule akamweka kwa asilimia 20, sisi tukabaki na 40 kila mmoja, na kila mwaka fomu yake ilikuwa ikienda. Mkataba haukuguswa. Na mimi, Mungu anisamehe, kichwani mwangu nilikuwa nikizihesabu zile pesa kama deni la kifamilia ambalo siku moja tutalirudisha.

Mhasibu wetu wa sasa nilipompigia Jumatatu alisema niandike tu 50 kwa 50, hakuna atakayefuatilia. Rafiki mwingine akanishauri niandike mimi 51 ili kampuni ihesabiwe kuwa ya mwanamke, akidhani itatusaidia kupata kandarasi za serikali. Wote wawili walikosea, na nataka nilieleze hili vizuri kwa sababu nimelisikia mara nyingi. Dodoso halikupi cheti. Utambulisho wa kampuni ya mwanamke kwa ajili ya kandarasi ni maombi tofauti, yenye vielelezo vyake, na kwa sheria ileile ya usiri wanaotoa kandarasi hawawezi kuona ulichojibu kwenye sensa. Kudanganya hapo hakukupi chochote. Kunachafua hesabu tu, na hesabu hizo ndizo zinazosema watu kama sisi tupo au hatupo.

Nikampigia wifi.

"Wifi, shikamoo. Nina swali la ajabu kidogo. Zile pesa za mwaka ule, wewe unazihesabu vipi? Ulitukopesha, au ni sehemu yako ya kampuni?"

Alikaa kimya kidogo. "Marahaba, wifi. Kodi ya hiyo kampuni nimelipia kila mwaka kwenye fungu langu. Hukujua?"

Nilijua kwenye karatasi. Sikuwahi kulitamka. Tuliongea karibu saa nzima, mengine hayahusiani na dodoso, na mwisho nikaandika 40, 40 na 20.

Halafu nikajumlisha. Mimi 40, wifi 20: wanawake 60. Katika utafiti huu kampuni huhesabiwa kuwa ya kundi fulani pale kundi hilo linapomiliki zaidi ya nusu, na zile za nusu kwa nusu kati ya mwanamume na mwanamke zina fungu lake peke yake. Kwa miaka sita tulikuwa kampuni inayomilikiwa na wanawake, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelisema. Nilimwamsha mume wangu kumwonyesha. Alitazama skrini muda mrefu, akasema, "Ni kweli. Ndivyo ilivyo."

Kwa kila mmiliki kuna maswali ya jinsia, asili, umri, kama aliwahi kuwa jeshini, saa anazofanya kazi kwa wiki, na elimu. Hapa angalia: elimu wanayoulizia ni ile uliyokuwa nayo kabla ya kuanzisha au kupata biashara. Mimi nilimaliza shahada baada ya kampuni kuanza, kwa hiyo sikuiandika. Wifi aliingia 2016 akiwa tayari na yake, kwa hiyo yake iliandikwa. Kuna pia orodha ya sababu za kumiliki biashara, na kila moja unasema ni muhimu sana, kiasi au si muhimu: kujitegemea, kipato kikubwa zaidi, kupata nafasi ya familia, kukosa ajira. Kwenye kukosa ajira niliandika muhimu sana. Nilituma maombi mengi sana mwaka ule kabla ya kukata tamaa.

Swali la mtaji wa kuanzia nalo lilihitaji kufikiri. Chaguo zilikuwa akiba binafsi, kadi za mkopo, mkopo wa benki, mkopo wa ndugu na marafiki, na nyinginezo. Sisi tulianza na upatu. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, nami nilipokea zamu ya pili. Upatu ni akiba au ni mkopo? Nilikaa nikapiga hesabu: siku ile napokea, mimi nilikuwa nimechangia mara mbili tu, kumi zilizobaki zilikuwa za wenzangu na nilizilipa baadaye mwezi kwa mwezi. Kwa kuwa unaruhusiwa kuchagua zaidi ya moja, nikaweka alama kwenye akiba na kwenye mkopo wa marafiki. Kama ungepokea zamu ya mwisho, jibu lingekuwa akiba peke yake.

Sehemu ya ubunifu nilitaka kuijibu hapana yote. Nikasoma maelezo tena: wanachouliza ni kitu kipya kwa kampuni yako, hata kama wengine wanacho tayari. Tulikuwa tumeacha daftari la zamu na kuanza kupanga wahudumu kwa programu ya simu. Hiyo ni ndiyo.

Jumla nilitumia jioni tatu. Ukihitaji muda zaidi, tovuti yao ina mahali pa kuomba kuongezewa siku, na inahifadhi ulikofika. Nilipotuma nilichapisha nakala, nikaiweka kwenye faili pamoja na ile barua.

Matokeo ya 2022 yalipotoka niliyafungua kwa hamu. Kampuni zenye waajiriwa zinazomilikiwa kwa wingi na watu Weusi zilikuwa 124,004 mwaka 2017, na 194,585 mwaka 2022. Sekta inayoongoza kati yao ni afya na huduma za jamii, yaani kazi yetu hasa. Nilipojaribu kuchimba hadi ngazi ya chini, baadhi ya visanduku havikuwa na namba. Vilikuwa na herufi D: takwimu imefichwa ili kampuni moja moja isitambulike. Nilimwita mume wangu aione hiyo D kwa macho yake.

Mkataba wa 2014 hatukuuacha vile. Mwezi uliofuata baada ya kutuma dodoso, wifi alisafiri kuja kwetu. Tulikaa watatu kwa mwanasheria, tukasaini mpya: 40, 40, 20. Yeye alisaini wa mwisho, akaomba nakala yake mwenyewe ya kwenda nayo nyumbani.