Jinsi Nilivyopata Vipimo vya Chembe Sahani Ninavyoviamini

Utafiti wangu unahusu watu ambao damu yao huchelewa kukoma ingawa idadi ya chembe sahani zao, yaani vijichembe vya damu vinavyoziba jeraha, ni ya kawaida, yaani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Chembe zipo, lakini hazishikamani inavyopasa panapotokea jeraha. Kilichonisumbua kwa muda mrefu ni kupata kipimo ambacho kikirudiwa siku nyingine kitatoa jibu lilelile.

Kipimo chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1962 Gustav Born alieleza njia ya kupitisha mwanga katika plazma, yaani majimaji ya damu, yenye chembe sahani nyingi. Plazma hiyo huwa na ukungu. Kichocheo, yaani kitu cha kuziamsha chembe, kikitiwa, chembe hushikamana mafungu mafungu, ukungu hupungua, na mwanga mwingi zaidi hupenya. Kwa maelezo ni jambo jepesi. Shida ni kwamba chembe sahani huamshwa na mambo madogo mno, kama vile sindano nyembamba, mpira uliobana mkono kupita kiasi au mtikisiko wa njiani, na baridi ya jokofu huziharibu kabla hazijafika kwenye mashine.

Ndipo nilipoamua kusimamia kipimo kuanzia kwenye mshipa. Damu ya mwanzo tuliiweka kando, iliyofuata tukaichanganya na sitreti, inayozuia damu kuganda, kwa uwiano wa sehemu tisa kwa moja, mirija ikabebwa kwa mkono na kuachwa katika joto la kawaida la chumba, na kazi yote ikakamilika ndani ya saa 4 tangu damu kutolewa. Kila mgonjwa alipimwa sambamba na mtu mwenye afya, na ikiwa chembe za huyo mwenye afya hazikuitikia, majibu ya wote wawili yalitupwa, hata kama ya mgonjwa yalipendeza.

Dawa zilihitaji mbinu nyingine. Aspirini huzima kimeng'enya ambacho chembe sahani, kwa kuwa haina kiini, haiwezi kukitengeneza upya, hivyo athari hudumu kwa uhai wote wa chembe hiyo, takriban siku 7 hadi 10. Nilipouliza, "Je, unatumia dawa yoyote?" wengi walikana kwa moyo safi, maana kidonge cha kichwa hawakukihesabu kuwa dawa. Nikaanza kuuliza juu ya maumivu yenyewe: kichwa, mafua, meno, hedhi. Swali hilo, kwa maoni yangu, lilisaidia kuliko kifaa chochote tulichonunua.

Baada ya hapo michoro ya mwanga inayotolewa na mashine ilianza kusomeka. Katika ugonjwa wa Glanzmann, ulioelezwa mwaka 1918, chembe haziitikii vichocheo vya ADP, kolajeni wala adrenalini, lakini huitikia kichocheo kingine, ristosetini. Katika ugonjwa wa Bernard-Soulier, ulioelezwa mwaka 1948, hali ni kinyume: ristosetini ndiyo inayokosa jibu, na chembe huwa kubwa na kwa kawaida chache. Hapa sikuitegemea hesabu ya mashine, kwa sababu chembe kubwa sana huweza kuhesabiwa kuwa seli nyekundu; nilitazama damu kwa hadubini. Hadubini hiyohiyo iliwaokoa wengine walioletwa kwetu kwa madai ya upungufu wa chembe, kumbe chembe zao zilikuwa zimeshikana ndani ya mrija kwa sababu ya EDTA, kizuia-kuganda kingine kinachotiwa kwenye mirija, na kwenye mrija wa sitreti idadi ikarudi kuwa ya kawaida.

Kukosa jibu kwa ristosetini kuna mtego wake, kwani ugonjwa wa von Willebrand, yaani upungufu wa protini ya plazma inayosaidia chembe kushikamana, nao huweza kuonekana hivyo. Niliutenganisha kwa kuongeza plazma ya mtu mwenye afya: jibu likirejea, upungufu umo katika plazma ya mgonjwa, lisiporejea, kasoro imo katika chembe zenyewe, na hapo hutafuta kwa kingamwili zenye rangi iwapo protini husika ipo juu ya chembe. Hata wakati huo siandiki jina la ugonjwa kwenye faili mpaka mchoro uleule utokee katika damu iliyotolewa siku nyingine.